Ving'ora vinne, taa nne, na bado makuli wawili walibaki ndani. Tatizo nini?

#1 GodauniIyunga
Wakuu salaam. Nasimamia ghala hapa Iyunga, Mbeya. Mita 60 kwa 30, bati tupu bila dari, paa kwenye mgongo lina mita 9. Upande mmoja kuna reki safu tano zenye kimo cha mita 6, upande wa pili tunapanga magunia kwenye paleti. Karibu na geti la nyuma kuna mashine ya kuchambua na kufungasha mchele wa Usangu.

Mwaka huu fundi alitufungia mfumo wa moto. Ving'ora vinne, kila kimoja na taa yake ya kuwakawaka. Viwili ukuta wa mbele, viwili ukuta wa nyuma, vyote juu kama mita 5, "foklifti isivifikie". Oktoba tulijaribu, watu wote wakatoka, tukapongezana. Wiki iliyopita tukarudia. Walitoka 23, wakabaki wawili. Tuliwakuta kichochoro cha reki ya nne wanapanga katoni na stori zinaendelea. Wanaapa hawakusikia kitu wala kuona taa.

Bima wanataka mchoro mpya wa mahali pa ving'ora na taa kabla ya mwisho wa mwezi. Niongeze vingapi, viwe wapi? Na kwa nini Oktoba vilisikika na sasa hapana?

#2 ChaiYaTukuyu
Ngoja waje wataalamu. Niko hapa na kikombe changu.

#3 FundiWaya
Mkuu, bila taarifa tutapiga ramli. Oktoba ghala lilikuwa na mzigo? Mashine ilikuwa inawaka? Mvua? Mlijaribu kwa umeme wa TANESCO au kwa betri?

#4 GodauniIyunga
Oktoba ghala karibu tupu, jua kali, mashine imezimwa, saa ya chakula. Wiki iliyopita mbolea ya msimu imejaa hadi juu, mvua inanyesha, umeme umekatika, mashine inakwenda kwa jenereta. Paneli ya moto (kisanduku kinachoendesha ving'ora) haikuunganishwa na jenereta, kwa hiyo ving'ora vililia kwa betri.

#5 PandaJuuTwende
Rahisi. Kila kimoja kina desibeli 105 za sauti. Weka viwili viwili, unapata 210. Hata maiti ataamka.

#6 DesibeliMoja
#5 umenivunja mbavu. Desibeli hazijumlishwi kama debe za viazi vya Njombe. Ving'ora viwili vya 105 vikilia pamoja vinakupa 108. Ukitaka kupanda 10 unahitaji kumi vya namna hiyo.

Halafu sauti hushuka desibeli 6 kila umbali unapokuwa maradufu. Ikiwa ni 105 kwenye mita 1, basi mita 2 ni 99, mita 4 ni 93, mita 8 ni 87, mita 16 ni 81, mita 32 ni 75. Na hapo ni uwanja mtupu, hakuna reki wala gunia.

Sasa linganisha na kelele ya humo ndani. Kiwango cha Uingereza, BS 5839, kwa maeneo mengi kinataka 65, au 5 juu ya kelele inayodumu zaidi ya sekunde 30, unachukua kubwa. Cha Marekani, NFPA 72, kinataka 15 juu ya kelele ya wastani, au 5 juu ya kelele ya juu inayodumu angalau sekunde 60, nacho pia unachukua kubwa. Unapima mita 1.5 kutoka sakafuni, mahali sikio la mtu lilipo, siyo ukiwa juu ya ngazi chini ya king'ora.

Mleta uzi, chukua simu, pakua programu ya kupima sauti, nenda kichochoro cha nne. Siyo kipimo cha mahakamani, lakini kitatupa picha.

#7 MnyalukoloHalisi
Kamwene wakuu. Mimi niko Ipogolo, Iringa, nafunga umeme wa majumbani na viwandani. Jibu la #6 ni zuri lakini linaruka kitu. Oktoba ghala tupu, kuta za tofali na bati vinarudisha sauti, king'ora kimoja kinasikika kama vitatu. Sasa limejaa mbolea na katoni. Katoni hunywa sauti, na reki iliyojaa ni ukuta. Mimi nasema tatizo ni mzigo, hata mashine ikizimwa.

#8 NzovweKwetu
Wanyalukolo kila kitu ni mzigo. Ni mvua hiyo. Bati bila dari, mvua ya Mbeya ya Desemba, huwezi hata kuongea na simu. Kwetu Nzovwe ikianza kunyesha redio tunazima, hatusikii kitu.

#9 GodauniIyunga
Nimepima. Mashine inawaka, hakuna mvua: mita 10 kutoka kwenye mashine 79, kichochoro cha nne 74. Jioni mvua imekuja, mashine imezimwa: kichochoro cha nne 83. Sikutegemea mvua ishinde mashine.

#10 NzovweKwetu
Nilisema. Naomba soda.

#11 DesibeliMoja
Sawa, kwa Mwingereza unahitaji 88 pale wakati wa mvua. King'ora cha 105 kinatoa 88 hadi mita 7 tu. Vyako vipo ukutani, kichochoro cha nne katikati yake kipo mita ngapi kutoka ukuta wa karibu? Kwa Mmarekani, mvua ikipiga zaidi ya dakika unarudi kwenye hiyo hiyo 5 ya juu, kwa hiyo hawatofautiani sana hapo.

Ushauri wangu: vingi vyenye sauti ya wastani, siyo vichache vya kupasua masikio. Mmarekani anaweka kikomo cha 110, na ukisimama chini ya king'ora kikali kuna mahali utaivuka.

#12 PandaJuuTwende
Mbona mimi nilifundishwa 120?

#13 DesibeliMoja
Matoleo ya zamani ya NFPA 72 yalisema 120, ikashushwa. Aliyekufundisha ana kitabu cha zamani. Hiyo sikucheki, wengi wanacho.

#14 FundiWaya
Wote mnazungumza sauti. Nirudi kwenye betri, maana Oktoba ilikuwa TANESCO na juzi betri. Hesabu ndogo.

Betri ya paneli ya volti 24 ikikaribia kuisha inabaki na 20.4. King'ora chenye taa kali kinaweza kunywa kama ampea 0.15. Chukua kumi, ni ampea 1.5. Waya wa milimita 1.5 za mraba una omu 12.1 (omu ni kipimo cha waya kuzuia umeme) kwa kilomita. Ukienda mita 120, kwenda na kurudi ni 240, yaani omu 2.9. Volti zinazopotea njiani ni karibu 4.4. Cha mwisho kinabaki na 16, na vifaa vingi vya aina hii chini ya 16 havina dhamana ya kufanya kazi sawasawa. Ukitumia waya wa 2.5 (omu 7.41 kwa kilomita) unapoteza 2.7 tu, unabaki na 17.7.

Yeye ana vinne, najua, ampea 0.6. Lakini anataka kuongeza. Na hatujui fundi wake alivuta waya gani. Nimeona watu wamevuta waya wa spika.

#15 MnyalukoloHalisi
Kwa vinne hapotezi hata volti 2, kaka. Hesabu yako ni ya ghala lijalo, siyo la jana.

#16 FundiWaya
Kama waya ni 1.5, ndiyo. Kama ni wa spika? Pia aangalie viungio. Mzunguko wa ving'ora unatakiwa uende king'ora hadi king'ora, na mwisho kabisa kuna rezista, ambayo paneli huitumia kujua kama waya haujakatika. Fundi akichepusha tawi katikati, tawi hilo likikatika paneli haitajua, taa ya kijani itaendelea kukudanganya. Mleta uzi, siku ile vyote vinne vililia? Nani alikuwa nyuma akaona?

#17 GodauniIyunga
Swali gumu hilo. Sisi tulikuwa mbele. Mlinzi wa geti la nyuma anasema "vililia", lakini huyo ukimuuliza chochote anasema ndiyo.

#18 ChaiYaTukuyu
😂😂 Mlinzi wa ndiyo. Kila ghala Mbeya lina mmoja.

#19 MamaMpungaUbaruku
Habari za humu. Sisi tuna stoo ya mpunga Ubaruku, Mbarali. Yetu ilikuwa hivyo hivyo, na sababu ilikuwa vidonge vya kufukiza wadudu. Ile gesi ya fosfini inakula shaba. Baada ya misimu mitatu ya kufukiza, vituo vya waya kwenye ving'ora vilikuwa vyeusi, kimoja kinalia kama mbuzi mgonjwa. Ninyi mna mchele humo. Mnafukiza mkiwa mmefunika turubai au mnafunga ghala zima? Siku hizi sisi tunafungua na kukagua kila baada ya kufukiza. Na mbolea nayo, vumbi lake likipata unyevu linakula chuma. Fungua kimoja uone.

#20 FundiWaya
Dada #19, hili sikulifikiria kabisa. Asante.

#21 SaoHill_Mbao
Mnasahau taa. Sauti mtabishana hadi kesho.

Mimi nilikuwa Mafinga kwenye karakana ya mbao. Randa ikianza, hakuna king'ora duniani kinachosikika, na wote tunavaa vizibo masikioni. Tulikuwa na kijana mmoja kiziwi, mpangaji mbao mzuri kuliko sisi sote. Mpango wa dharura ulikuwa huu: mtu wa karibu ampige bega. Siku moja ukawaka moto mdogo kwenye vumbi la mbao, kila mtu akakimbia akijua mwingine atampiga bega. Alitoka mwenyewe baada ya kuona moshi. Hakuumia. Lakini toka siku hiyo ukiniambia taa ni mapambo sikuelewi.

Kwa hiyo mleta uzi: wale wawili hawakuona taa. Kwa nini? Kwa sababu ipo mita 5 juu ukutani na wao wapo kati ya kuta mbili za reki za mita 6. Hata ungeweka taa ya uwanja wa Sokoine wasingeona.

#22 DesibeliMoja
#21 amegusa penyewe. Kwa NFPA 72 taa ya ukutani inakaa kati ya mita 2.03 na 2.44 kutoka sakafuni. Majedwali yao yamepigwa kwa kimo hicho. Ukipandisha hadi mita 5, namba iliyoandikwa kwenye taa haikuhusu tena.

Na majedwali yenyewe: taa moja ya kandela 15 (kandela ni kipimo cha ukali wa taa) inatosha chumba cha mita 6 kwa 6, kandela 75 ni kama mita 13.7, kandela 110 ni kama mita 16.5. Chumba, siyo ghala lenye reki. Taa za darini zinaruhusiwa hadi mita 9.1, zikizidi hapo unazishusha kwa bomba.

Za Ulaya wana EN 54-23, wanaandika kwenye kifaa chenyewe: C-3-15 maana yake taa ya darini, kimo mita 3, duara lenye kipenyo cha mita 15. W ni ya ukutani. Lengo lao ni laksi 0.4 (kipimo cha mwanga unaofika mahali) ifike kwenye uso unaoitazama taa.

#23 KandelaNgapi
Basi kila kichochoro cha reki kihesabiwe kama korido. Mmarekani kwenye korido isiyozidi upana wa mita 6 anaruhusu kandela 15 tu: moja ndani ya mita 4.5 kutoka kila mwisho, na kati ya taa na taa isizidi mita 30. Reki zake zina urefu gani?

#24 GodauniIyunga
Mita 24 kila safu, vichochoro vya mita 3.2.

#25 KandelaNgapi
Safi. Taa mbili kila kichochoro, kila mwisho moja. Vichochoro vinne, taa nane ndogo. Umemaliza.

#26 SaoHill_Mbao
Hujamaliza. Korido ni njia ya watu kupita, mtu anatazama mbele. Kwenye kichochoro cha reki mtu amegeukia rafu, kichwa kipo ndani ya paleti. Kandela 15 nyuma ya mgongo wake haimwambii kitu. Mimi ningeweka kali, za juu, katikati ya kichochoro, mwanga umwagike kwenye katoni zilizo mbele ya uso wake.

#27 KandelaNgapi
Kitabu hakisemi reki siyo korido.

#28 SaoHill_Mbao
Na hakisemi ni korido.

#29 Mzee_wa_114
Vijana, nilikuwa zimamoto miaka mingi kabla ya kustaafu, naishi Uyole sasa. Hoja ya #27 na #28 haiamuliwi humu. Mchoro unapelekwa ofisi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mkoa kabla hujatoboa tundu hata moja ukutani. Sheria ya 2007 inawapa mamlaka ya kukagua, na watu wa OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) nao wana Sheria yao Na. 5 ya 2003. Uliza unatumia kiwango kipi halafu ukae nacho. Nimeona majengo yenye ving'ora vya Uingereza, taa za Marekani na paneli isiyojulikana ya wapi, na mchoro unasema "kwa viwango vya kimataifa".

La pili. Katika moto wa kweli nilikuta watu ndani mara nyingi, na wengi walisikia. Walidhani ni majaribio. Wale makuli wako wawili, mfumo umeshalia bure mara ngapi toka Oktoba?

#30 GodauniIyunga
Shikamoo mzee. Mara... tano au sita. Detekta ya moshi ipo juu ya mashine ya mchele, vumbi la pumba likipanda inalia. Tunazima tunaendelea.

#31 Mzee_wa_114
Marahaba. Basi.

#32 NzovweKwetu
Mzee naye kamaliza kwa neno moja. Lakini wao wanaapa hawakusikia.

#33 KuliMstaafuMafiati
Mimi nimebeba magunia miaka 11 kwenye maghala ya Mbeya. Ukiwa kuli na bosi akakuuliza kwa nini hukutoka, unasema nini? "Nilisikia nikapuuza"? Ukafukuzwe? Utasema hukusikia. Hata mimi ningeapa.

#34 MnyalukoloHalisi
Hapo sasa. Ila bado sijaondoka kwenye mzigo. Wale wa kichochoro cha kwanza na cha pili nao wamechoshwa na kengele za uongo, mbona walitoka?

#35 KuliMstaafuMafiati
Kwa sababu wapo karibu na geti na meneja anawaona.

#36 HassParachichi
Nimecheka peke yangu ofisini. Jamani, msisahau vyumba vya baridi kama vipo. Sisi Rungwe tuna parachichi, kuta za paneli nene zenye povu ndani. King'ora cha nje hakipiti. Hata mlango wa kawaida hula desibeli kama 20, wa kuzuia moto kama 30. Tuliweka kingine ndani, kile cha kustahimili unyevu, baada ya cha kwanza kujaa maji. Na bei ya parachichi msimu huu ni

#37 ChaiYaTukuyu
Bei ikaze ufungue uzi wake, dada.

#38 GodauniIyunga
Wakuu, leo nimepanda ngazi. Majibu:

1. Vyumba vya baridi hatuna.
2. Lebo inasema 105 kwa mita 1, lakini kwa mlio mmoja tu. Ndani kuna vijiswichi vya kuchagua mlio, na fundi amekiacha kwenye mlio ambao jedwali linasema 97.
3. Waya ni 1.5. Siyo wa spika, #16 pumua.
4. Cha nyuma kulia kimejengewa na mavu. Udongo umejaa mdomoni. Kilikuwa kinalia kwa ndani kama mtu aliyefunikwa blanketi.
5. Shaba kwenye cha nyuma kushoto imeanza kuwa nyeusi, kama alivyosema Mama Mpunga. Tunafukiza tukiwa tumefunga ghala zima.

#39 NzovweKwetu
Mavu! Watu wamepiga hesabu za omu kumbe ni mavu.

#40 DesibeliMoja
Ni mavu NA mlio wa 97. Ukishuka kutoka 105 hadi 97, zile mita 7 za mvua zinakuwa chini ya mita 3. Hilo peke yake linaeleza kila kitu.

#41 SaoHill_Mbao
Halielezi taa. Mavu hawakujenga kwenye taa.

#42 MnyalukoloHalisi
Na Oktoba mlio ulikuwa huo huo wa 97. Mzigo, jamani. Mzigo.

#43 FundiWaya
Mkuu, nakushauri hivi, tusisubiri makubaliano ya wengine hadi Pasaka. Kwanza unganisha paneli na kontakta ya mashine kwa rilei, moto ukigundulika mashine izime yenyewe, kelele 79 inaondoka bure. Mvua huwezi kuizima, kwa hiyo piga hesabu ya mvua, siyo ya mashine. Hamisha detekta ile ya juu ya pumba au badilisha iwe ya joto. Kabla ya kuongeza chochote chora ghala likiwa limejaa, chora na reki, siyo lile boksi tupu ambalo mafundi wote huwa tunachora. Taa kila kichochoro, korido au siyo korido. Ukiona zaidi ya mbili kwa mara moja ziwake pamoja kwa mdundo mmoja, zikipishana zinaweza kumwangusha mwenye kifafa. Zinazokaa chini ya mita 2.44 zijengee kizimba cha nondo, foklifti haisomi vitabu. Na paneli iunganishe na jenereta, hilo hata si la kujadili.

#44 KandelaNgapi
Kandela 15 au kali?

#45 FundiWaya
Muulize mzee #29 ofisi ipo wapi.

#46 PandaJuuTwende
Mimi bado naona viwili viwili.

#47 GodauniIyunga
Wakuu nimeondoa mavu (nimeumwa mara mbili, mkono kama andazi), nimebadilisha mlio kuwa wa 105. Sijagusa kingine. Sasa hivi ghala limejaa, wingu limefunga Loleza, matone ya kwanza yameanza kugonga bati. Naenda kubonyeza. Niwaambie makuli ni jaribio au nisiwaambie?

#48 KuliMstaafuMafiati
Usiwaambie. Ukiwaambia watatoka wote hata kama king'ora hakilii.

#49 MamaMpungaUbaruku
Waambie. Nani kati yao ana presha, unajua?

#50 Mzee_wa_114
Piga 114 kwanza uwaambie wao.